Kabla hujamsingizia buibui

Mwaka jana nimeamka shingo inawaka kama nimepakwa pilipili, mstari mwekundu umeshuka toka chini ya sikio mpaka begani, kesho yake malengelenge. Mama mwenye nyumba kaniangalia mara moja tu, "hapo umekojolewa na buibui", jirani yeye akasema mkanda wa jeshi. Nikamuamini mama, nikachukua ufagio nikasafisha buibui wote darini. Mvua ziliporudi nikaungua tena, na buibui hata wa dawa hakuwepo.

Kumbe ni nairobi flai. Jina linadanganya, sio inzi, ni jamii ya mbawakawa, kembamba ka milimita 7 hadi 10 hivi, ukikaona kwa mbali utasema sisimizi: kichwa cheusi, kifua rangi ya chungwa, mgongoni kipande cha bluu kinachong'aa, alafu chungwa tena na ncha ya mkia nyeusi. Ukikagusa kananyanyua mkia kama nge ila hakaumi wala hakachomi, sumu iko kwenye damu yake, yani we usiku unahisi kitu shingoni unadhani mbu, unakaponda, unalala zako, malengelenge yanakuja baada ya siku nzima au mbili na hapo nani atakumbuka. Kakitambaa mwilini kapulize, usipige. Ukishakaponda osha na sabuni fasta na usishike macho kabisa. Kanafuata taa, mi nilihamisha kitanda kikatoka chini ya balbu na ya nje nazima mapema. (Mkanda wa jeshi mara nyingi maumivu yanatangulia kabla ya vipele, tena upande mmoja wa mwili, huo nenda hospitali.)

Siku hizi nikikuta kidudu nakifunika na glasi, nawasha tochi ya simu, napiga picha naikuza, nahesabu miguu. Sita ni mdudu, nane ni jamii ya buibui. Kunguni na mtoto wa mende watu wanawachanganya sana, mende ana vipapasio virefu kichwani na anatimka, kunguni ni bapa, vipapasio vifupi, na cheki mishono ya godoro utaona vidoa vyeusi. Vile vifuko vya kijivu vinavyotembea ukutani kama mbegu? Ni viwavi vya nondo, vinakula utando wa buibui na nywele, fagia tu.

Buibui wenyewe nimewaachia nyumba. Yule bapa wa ukutani ananikamatia mende, na wale wadogo wanaoruka wanakula wadudu wadogo wadogo, tena huku ziwa Victoria kuna mmoja aliyechunguzwa sana kule Mbita upande wa Kenya, yeye anapenda mbu aliyeshiba damu kuliko mwenye njaa.

Mama mwenye nyumba nimemuonyesha picha zote. Akasema sawa mwanangu nimekuelewa, ila buibui naye anakojoa.