Usijaze kwa kubahatisha, mkuu. Mimi kuliniondolea likizo nzima

Mkuu, kabla hujaandika tarakimu nyingine, weka kalamu chini.

Umeuliza ufanyeje na 4 kushuka (jibu namba 4, linalosomwa kutoka juu kwenda chini) kwenye fumbo lako la namba, kidokezo "kipeo cha tatu", yaani namba kama 5 × 5 × 5, visanduku vitatu. Halafu ukamalizia: "Nimebaki na 216 na 343, nachagua moja niendelee, nikikosea nitagundua." Hapo ndipo nimeacha chakula mezani.

Zote mbili haziwezekani. Vipeo vya tatu vyenye tarakimu tatu viko vitano tu: 125, 216, 343, 512 na 729. Umesema kisanduku cha mwisho cha 4 kushuka ndicho mwisho wa 9 kulala (jibu la kushoto kwenda kulia), ambayo ni namba ya mraba ya tarakimu tatu, yaani namba iliyozidishwa kwa yenyewe, kama 15 × 15. Mraba hauishii na 2, 3, 7 wala 8, hata uzidishe mpaka kesho. Kwa hiyo 343 na 512 nje. Kisanduku cha kwanza cha 4 kushuka ndicho mwisho wa 3 kulala, namba tasa ya tarakimu mbili. Tasa ya tarakimu mbili haiishii na 2, basi 216 nayo nje. Ulikuwa unachagua kati ya maiti wawili huku wazima, 125 na 729, wamekaa pembeni wanakutazama.

Na usidhani ungegundua. Mimi nilisubiri kugundua wiki mbili.

Ilikuwa likizo ya Desemba. Kulikuwa na kidokezo cha mraba wa tarakimu mbili, nikabaki na 16 na 36. Kazini kwetu kulikuwa na mzee mmoja aliyejiita fundi wa mafumbo, naye alikuwa amenifundisha: "Jaza tu, namba ya uongo hujitenga yenyewe." Nikajaza 36, tena kwa wino. Ile 3 ikawa mwanzo wa jibu lingine, "kigawe cha 4", tarakimu tatu. Sasa angalia: vigawe vya 4 kuanzia 100 hadi 199 viko 25. Kuanzia 300 hadi 399 viko 25 vilevile. Kidokezo kilegevu namna hiyo hakimkatazi mtu kuingia, kinampokea mwizi kama mgeni na kumwekea chai. Kisha kikaja kidokezo cha "jumla ya" hilo jibu na jingine la upande wa pili, kosa langu likavuka gridi nzima. Majibu kumi na tisa yakakubali. Kumi na tisa! Nikawa naona nimeiva.

Siku ya kumi na moja, kona ya chini kulia, namba tasa ya tarakimu tatu ikalazimika kuishia na 5. Haipo namba kama hiyo duniani. Nikakagua kona ile usiku kucha, kwa sababu kosa lilionekana pale, kumbe lilizaliwa mwisho wa pili wa ukurasa. Nikaamini gazeti limekosea kuchapa, nikaanza hata kuandika barua ya malalamiko. Na kubaya zaidi, sikuweza tena kujua tarakimu ipi nimeithibitisha na ipi imening'inia kwenye ile 36. Wino wote ulifanana. Likizo ikaisha, majibu yakatoka: 16.

Yule mzee bado namkasirikia. Angekuwa mwashi, angeezeka kwanza ndipo atafute msingi. Ushauri wake unasikika kama busara, ndiyo maana unaenea.

Basi sheria yangu ni hii, na sitaipunguza: tarakimu isiyo na ushahidi haiingii kisandukuni. Ushahidi maana yake unaweza kumweleza mtu kwa nini zile nyingine tisa haziwezi kukaa pale. Kama huwezi, iandike pembeni pamoja na wenzake wote. Anza na vidokezo vyenye orodha fupi: vipeo vya tatu vya tarakimu nne viko 12 tu, kuanzia 1000 hadi 9261. Vigawe viache mwisho kabisa. Ukikwama kweli, nakili gridi kwenye karatasi nyingine, jaribu dhana moja tu huko mpaka igongane na kidokezo. Ikigongana, umepata ushahidi wa kuifuta, na gridi yako halisi imebaki safi.

Hata kwako kumebaki kidogo. Ukishika 125, 9 kulala ni 225 au 625. Ukishika 729, ni 169, 289 au 529, kwa kuwa fumbo lako limesema hakuna jibu linalojirudia. Kwa hiyo 9 kulala inaanza na 1, 2, 5 au 6. Kidokezo cha jibu linaloshuka kupitia kisanduku hicho cha kwanza cha 9 kulala hukukiandika. Kilete hapa, na usijaze kitu mpaka tukione.