Mama anajua nakaa ofisini, kumbe nahudumia wazee: nirudi Iringa au nibaki Marekani?

Barua ya msomaji:

"Shikamoo dada. Mimi ni binti wa miaka 34, nilikuwa mwalimu wa sekondari Iringa, nafundisha Kiswahili na Historia, nikashinda bahati nasibu ya grini kadi nikaja Minnesota, sasa hivi natimiza miaka miwili na nusu. Nina vibarua viwili na vyote ni vya CNA, yaani msaidizi wa muuguzi mwenye cheti, kimoja usiku kwenye nyumba ya wazee, kingine mchana na wikiendi kwa wakala anayepeleka wahudumu majumbani. Naogesha wazee, nabadilisha pampasi, nalisha. Nyumbani wanajua niko ofisi ya hospitali naandikisha wagonjwa. Sikupanga kudanganya, mama aliuliza kazi gani nikasema ni mambo ya hospitali, akafurahi akamwambia mchungaji, mchungaji akatangaza kanisani, basi ikabaki hivyo.

Natuma dola 700 kila mwezi, kuna ada ya mdogo wangu wa kiume, kuna bati za nyumba ya mama, na sasa kaka anaoa wameniandika milioni 2 bila kuniuliza. Mwezi uliopita bibi mmoja niliyemhudumia mwaka na nusu alifariki saa kumi alfajiri nimemshika mkono. Alikuwa ananiita mwalimu kwasababu nilishamwambia kazi yangu ya zamani. Walipokuja kumchukua nikatoa mashuka, nikamaliza shifti, kufika kwenye gari nafungua simu nakuta meseji 43 za grupu la harusi, kaka kaandika 'wa Marekani mbona kimya'. Nililia humo kwenye gari mpaka vioo vikaingia barafu kwa ndani. Siku tatu baadae nikasinzia kwenye taa nyekundu, aliyenishtua ni mtu wa nyuma kwa honi. Dada nimechoka. Nataka kurudi lakini nirudi na nini? Na nikibaki huu uongo nitaubeba mpaka lini?
Mwalimu, Minneapolis"

Marahaba mdogo wangu. Na pole sana kwa msiba.

Naanza na pole kwasababu nimesoma barua yako mara mbili na sijaona popote mtu aliyekupa pole. Umekaa na mtu mwaka mzima na nusu, unamjua akikohoa anataka nini, unamjua chai yake, umemshika mkono mpaka pumzi ya mwisho, halafu umetoa mashuka ukaenda nyumbani kama vile hakuna kilichotokea. Kwetu msiba una turubai na watu wa kukaa na wewe chini na uji wa asubuhi, wewe ulikuwa peke yako kwenye gari na baridi ile ya Minnesota na simu inakudai mchango. Mimi naona hapo ndipo ulipovunjika, na kazi wala hela ya harusi vimekukuta ushavunjika tayari. Ulikuwa na msiba na hukuweza kumwambia mama yako maana ungemwambiaje, wewe si unakaa ofisini unaandikisha wagonjwa?

Ndio maana nakwambia mapema kabisa kabla ya habari za tiketi na ada, mwambie mama ukweli. Hilo ndio jibu langu na mengine yote yanafuata nyuma yake.

Nakuuliza kitu. Bibi yako mzaa mama au mzaa baba alipokuwa mgonjwa wa kitandani, nani alikuwa anamwogesha? Najua kuna mtu, kila ukoo yupo, mara nyingi ni mama mwenyewe au ni dada mkubwa, na mtu huyo hakuna anayemcheka, wanasema yule amepata radhi za wazee. Sasa kazi ileile uliyoona mama yako anaifanya kwa beseni na kitambaa, wewe unaifanya kwa glavu na cheti, imekuwaje huku ni radhi na huko ni aibu? Na hiyo CNA haiokotwi barabarani, sheria ya Marekani inataka mafunzo yasiyopungua masaa 75 na mtihani ndio jina lako liingie kwenye rejista ya jimbo, umesoma hayo kwa Kiingereza ambacho si lugha yako na ukafaulu. Haya maneno ya "kubeba boksi" yametuharibu sana jamani, mtu akishaitwa mbeba boksi hata kama anamlea binadamu mwenzie anaona haya kusema.

Mimi nimeishi Maryland miaka 11 na miaka 4 ya mwanzo nilikuwa kazi hiyohiyo yako, na baba yangu nilimdanganya kama wewe, nilimwambia ni msimamizi. Nilikaa na huo uongo mpaka siku moja nimetoka shifti ya masaa 16 akanipigia, akauliza ofisini hawajambo, nikashindwa, nikamwambia baba mimi sina ofisi mimi naogesha wazee. Akanyamaza, nikawa nasikia redio yake tu kule nyuma inasoma matangazo ya vifo. Halafu akaniuliza, "na wewe huko nani anakupikia?" Hakuuliza tena habari ya ofisi mpaka leo. Sikuahidi kwamba mama yako atajibu hivyo, inawezekana atalia, inawezekana atawaza kwanza mchungaji na watu wa kanisani, mpe siku mbili tatu. Lakini mzazi ukimpa ukweli anapata cha kukuombea.

Namna ya kumwambia. Ukitoka shifti saa moja asubuhi, kipindi hiki cha baridi Iringa ni saa kumi jioni, mama kapumzika na watu hawajajaa nyumbani, saa zikibadilishwa mwezi wa tatu itakuwa saa tisa. Usipige ukiwa unaendesha, fika nyumbani, kula, ndio upige. Mwambie atoe spika. Usianze na "mama nilikudanganya", anza na yule bibi. Mwambie kuna mzee nilikuwa namhudumia, alikuwa ananiita mwalimu, amefariki nimemshika mkono. Jina lake usitaje na picha usitume, unajua mwenyewe sheria za siri za wagonjwa huko hazina mchezo. Mama akishamlilia huyo bibi na wewe, habari ya ofisi itakuwa imejieleza yenyewe.

Harusi ya kaka sasa. Milioni 2 kwa mshahara wa CNA huko ni karibu wiki nzima ya kazi moja, kabla kodi haijakatwa, na walikuandika tu kwenye daftari kama mtu anaandika mahitaji ya dukani. Usigombane kwenye grupu, usiandike insha. Mtumie kaka peke yake: "Kaka hongera sana, mimi nitachangia laki 4, natuma tarehe fulani, zaidi ya hapo sina kwa sasa." Basi. Asipojibu usiongeze maneno, tuma siku uliyosema. Grupu weka kimya moja kwa moja, simu inaruhusu hiyo. Na hiyo dola 700 usiikate yote kwa hasira, ada ya mdogo wako iache kwanza maana ina mwisho wake, ila bati zinaweza kusubiri, nyumba haijawahi kuezekwa kwa usingizi wa mtu. Kama huwa unapeleka keshi kwa wakala wa kutuma hela acha, kuanzia 2026 serikali ya huko inakata kodi ya asilimia 1 kwa hela inayotumwa kwa keshi, ukituma kwa akaunti ya benki au kadi yako ya benki ya hukohuko haikugusi.

Kuna kitu kimenikera kwenye hesabu zako za kazi na nataka ukiangalie leo. Sheria ya huko inasema ukivuka masaa 40 kwa wiki kwa mwajiri mmoja, kwa kawaida kila saa ya ziada inalipwa moja na nusu. Wewe umeandika una vibarua viwili. Kama huku unafanya masaa 36 na kule 34, hayo ni masaa 70 unajiua na hakuna hata mmoja anayekulipa ovataimu kwasababu kwa kila mmoja wao hujavuka 40. Wengi wetu tumeliwa hivyo miaka, unajiona unachakarika kumbe unauza nguvu za ziada kwa bei ya kawaida. Nenda kwenye ile nyumba ya wazee, mwambie anayepanga ratiba kwamba unataka masaa 40 kamili na zamu moja ya ziada kwa wiki, huwa wana upungufu wa watu hao kila siku, halafu yule wakala mwache au ubaki nae kwa wikiendi moja kwa mwezi. Utafanya kama masaa 48, mfukoni itapungua lakini sio kama unavyoogopa, na utalala.

Kulala nimesema. Kusinzia kwenye taa nyekundu mdogo wangu sio uchovu wa kawaida hiyo, hiyo ni kifo kimepita kikakuangalia. Ukitoka dabo shifti na unaona macho hayana nguvu, lala kwenye chumba cha wafanyakazi nusu saa, au acha gari hapohapo upande basi. Hii naomba usiniahidi, ifanye tu kuanzia kesho.

Kuhusu kurudi. Kwenda likizo na kuhama ni vitu viwili na wewe kwa uchovu umevichanganya. Nenda ukaone mama, wiki 4 au 5, tena baada ya kumwambia ukweli maana ukienda na uongo utarudi umechoka zaidi. Lakini usikate tiketi ya kwenda tu. Mwenye grini kadi akikaa nje zaidi ya miezi 6 anaanza kuulizwa maswali na inaweza kuharibu hesabu ya miaka 5 ya kuomba uraia, akipitisha mwaka bila kibali cha kurudi alichoomba kabla ya kuondoka anaweza kuipoteza kabisa. Huo uraia kama utautaka au hutautaka ni mjadala mwingine, na Tanzania hairuhusu uraia pacha kwa mtu mzima kwahiyo ni uamuzi wa kukaa chini, sio wa kufanya ukiwa kwenye gari lenye barafu. Ninachosema ni kwamba usiufunge mlango ukiwa na usingizi. Ukishalala miezi mitatu kama binadamu na bado moyo unasema Iringa, rudi, na utarudi na cheti cha kuhudumia wazee na akiba na ukweli wako, nani atakucheka.

Na ualimu wako mbona umeuzika haraka hivyo? Yule bibi alikuwa anakuita mwalimu, wewe mwenyewe umeandika chini ya barua "Mwalimu". Digrii yako haijafa, inahitaji kutathminiwa na taasisi inayokubalika, WES ni mojawapo, ila kabla hujalipa angalia bodi ya leseni za walimu ya Minnesota, inaitwa PELSB, inakubali tathmini za nani. Watataka nakala ya matokeo yako kutoka chuoni moja kwa moja, sio ile uliyonayo kwenye begi. Hapo ndipo mdogo wako wa kiume anaingia: yeye analipiwa ada, yupo hukohuko, ana miguu, mpe kazi ya kwenda chuoni kwako kufuatilia mpaka itumwe, akupe taarifa kila Ijumaa. Sio adhabu, ni vizuri nae aone kwamba familia ina mkono wa kutoa na wa kupokea. Wakati hayo yanaendelea ulizia shule za hapo ulipo nafasi ya msaidizi wa mwalimu. Mshahara wake mara nyingi sio mkubwa kuliko wa CNA, nakwambia mapema usije ukaniona muongo, lakini ni mchana, kuna watoto, na unajifunza darasa la huko linaendaje kabla hujasimama mbele yake.

Kingine kidogo. Kama wewe ni Mlutheri, na kwa mtu wa Iringa na huyo mchungaji wenu nahisi ni hivyo, basi ujue sinodi ya Kilutheri ya upande wa St. Paul ina undugu wa miaka mingi na Dayosisi ya Iringa, wanauita Bega kwa Bega, kwa Kiswahili hichohicho. Kuna wazee wa Kizungu pale wamekula ugali vijijini kwenu na wanasalimia "kamwene". Tafuta sharika mojawapo, nenda Jumapili moja tu usiyo na shifti. Mtu aliyewahi kufika kwenu hutahitaji kumweleza umetoka wapi.

Nafahamu nimekupa mengi kwa mtu aliyechoka. Wiki hii fanya mawili tu, lala na umpigie mama. Mengine yatakusubiri.

Na ukipata nafasi niandikie tena, sio lazima iwe shida. Niandikie huyo bibi alikuwa anapenda nini, alikuwa anakuuliza nini kuhusu shule yako, chai yake alikuwa anakunywaje. Ningependa kumjua.

Dada yako.