Waifai Inapofifia Kwenye Laptopu: Maswali Yenu

Naishi ghorofa ya tatu katika ploti moja hapa Pipeline, Nakuru. Ruta iko sebuleni nyuma ya televisheni. Mchana mtandao ni mzuri, lakini ikifika saa mbili usiku laptopu yangu hukwama chumbani, na mkutano wa video haukamiliki. Je, ninunue kifaa cha kuongezea nguvu? – Msomaji, Nakuru

Usinunue chochote kwanza. Mtandao unaoharibika majirani wakirudi kutoka kazini mara nyingi haujapungukiwa nguvu, umesongwa. Kifaa cha kuongezea nguvu kikitumia redio ile ile kwa kupokea na kurusha hukata kasi karibu nusu, na katika ploti iliyojaa ruta kinaongeza mpiga kelele mmoja zaidi.

Kwanza tujue kasoro iko wapi. Saa mbili usiku, ukiwa chumbani, bonyeza kitufe cha Windows, andika *cmd*, fungua dirisha jeusi, kisha andika *ipconfig*. Tazama namba iliyo mbele ya "Default Gateway". Hiyo ndiyo anwani ya ruta, mara nyingi 192.168.1.1 au 192.168.100.1. Sasa andika *ping -n 50* ukifuatisha namba hiyo. Ukipata majibu ya milisekunde 2 hadi 10 bila hata moja kupotea, kati ya laptopu na ruta hakuna tatizo. Rudia kwa namba 8.8.8.8, ambayo ni ya kompyuta ya Google iliyo nje kwenye intaneti: ikiwa hapo ndipo majibu yanachelewa au kupotea, mpigie anayekuuzia mtandao, maana kasoro haiko kwenye waifai yako. Lakini kama majibu ya ruta yako mwenyewe yanaruka kutoka 5 hadi 300, au unaona "Request timed out", shida iko hewani, hapo hapo kwako.

Andika sasa *netsh wlan show interfaces*. Windows 11 mpya inaweza kukataa mpaka uwashe huduma ya mahali, "Location", kwenye mipangilio ya faragha. Utaona asilimia mbele ya neno "Signal". Katika hesabu ya Windows, 100 ni sawa na desibeli -50 (dBm, kipimo cha nguvu ya mawimbi), na 50 ni sawa na -75. Mkutano wa video unataka angalau 65 hivi. Chini ya 40 hata barua pepe hujikokota. Mstari wa "Channel" nao unakuonyesha chaneli, yaani njia ya redio, unayotumia. Ukitaka kuona za majirani, andika *netsh wlan show networks mode=bssid*.

Hapa ndipo wengi hukosea. Kwenye gigahezi 2.4, mojawapo ya bendi za waifai, chaneli zisizoingiliana ni tatu tu: 1, 6 na 11. Mtu huona 1 na 6 zimejaa, akakimbilia 3 akidhani amepata nafasi. Amejiumiza. Ruta mbili zilizo kwenye chaneli moja husikizana na kupeana zamu, kama watu waliopanga foleni kwenye bomba la maji. Ruta ya chaneli ya 3 haiwaelewi wa 1 wala wa 6, kila upande humsikia mwenzake kama kelele tu, na data hutumwa tena na tena. Basi, kwenye mipangilio ya ruta (hufunguka ukiandika anwani yake kwenye kivinjari), chagua kati ya 1, 6 na 11 ile yenye ruta chache za karibu, na upana wa chaneli uweke megahezi 20, si 40.

Dawa kubwa zaidi kwako ni gigahezi 5. Mawimbi yake hupenya kuta kwa shida, na katika ploti hilo ni jambo la heri, kwa sababu ya jirani hayakufikii. Ila yako nayo yanapaswa kufika chumbani, kwa hiyo itoe ruta nyuma ya televisheni. Mgongo wa televisheni una bamba la chuma linaloyazuia. Ipandishe mita moja na nusu hadi mbili kutoka sakafuni, karibu na korido, antena zikiwa zimesimama wima, kwa kuwa antena hurusha zaidi pembeni kuliko kwenye ncha yake. Laptopu isipoliona jina la mtandao wa gigahezi 5, ingia kwenye ruta uweke chaneli ya 36, kisha utazame tena. Ikikosa bado, andika *netsh wlan show drivers*: orodha ya redio isipokuwa na 802.11a, ac wala ax, kadi yako ni ya gigahezi 2.4 peke yake.

Nilinunua laptopu iliyotumika, nayo ni nzuri ila waifai. Simu ya mke wangu ikiwa juu ya meza hiyo hiyo ina mawimbi tele, laptopu ina kijiti kimoja. – Mwalimu, Kakamega

Mwalimu, iache ruta, chunguza laptopu. Isogeze hadi mita moja kutoka kwenye ruta, kisha andika amri ya *netsh wlan show interfaces* tuliyoieleza juu. Hapo inapaswa kusoma zaidi ya 90. Ikisoma 50 au 60 ukiwa unaweza kuigusa ruta kwa mkono, antena imekatika au haijachomekwa. Fanya na jaribio la pili: funua na ufunike kioo polepole huku ukirudia amri hiyo. Asilimia zikipanda na kushuka kufuata pembe ya kioo, waya umechanika kwenye bawaba.

Sababu ni hii: antena za laptopu nyingi zimo ndani ya fremu ya kioo, na nyaya zake mbili nyembamba hupita kwenye bawaba hadi kwenye kadi iliyo chini ya kibodi. Laptopu iliyowahi kubadilishwa kioo au kukazwa bawaba mara nyingi hurudi waya mmoja ukiwa umebanwa, au fundi amesahau kuuchomeka.

Kuifungua si kazi ngumu ukiwa na subira. Zima kabisa, chomoa chaja, ondoa kifuniko cha chini, kisha chomoa plagi ya betri kabla ya kugusa kitu kingine. Kadi ya waifai kwenye laptopu za kisasa ni kibao cha milimita 22 kwa 30, chenye vifundo viwili vya rangi ya dhahabu, kila kimoja kidogo kuliko punje ya mtama. Waya mmoja kwa kawaida ni mweusi, mwingine mweupe au wa kijivu. Weka kichwa cha waya juu ya kifundo kikae sawasawa, kisha kibonyeze wima kwa kidole gumba mpaka usikie "tik". Kikikataa, kipange upya, usikilazimishe kwa koleo. Vichwa hivyo havikuundwa kuvuliwa na kuvishwa kila wiki, na kikipindika ni kununua waya mpya.

Ukiamua kubadilisha kadi yenyewe, uliza kwanza. Kadi ya Intel iitwayo AX210 hufanya kazi kwenye laptopu nyingi zenye nafasi ya M.2 (tundu la vibao vidogo kama hicho), lakini AX211 inayofanana nayo inataka bodi ya Intel iliyoandaliwa kwa ajili yake. Baadhi ya laptopu za zamani hukataa kuwaka zikiona kadi isiyo kwenye orodha yao. Njia fupi ni adapta ya waifai ya USB ya bendi mbili, gigahezi 2.4 na 5. Usiichomeke ubavuni karibu na flashi ya USB 3.0, kwa kuwa USB 3.0 hutoa kelele kwenye gigahezi 2.4. Tumia kebo ya kurefushia ya mita moja, uiweke mezani mbali na laptopu.

Stima ikipotea, ruta inaendelea kwa betri lakini waifai ya laptopu inadhoofika papo hapo. – Msomaji, Kisumu

Laptopu inabana matumizi ya umeme. Fungua "Device Manager", nenda kwenye "Network adapters", bofya kadi yako mara mbili, na kwenye ukurasa wa "Power Management" ondoa alama inayoiruhusu kompyuta kuizima. Ukurasa huo usipokuwepo, chagua hali ya betri inayotanguliza utendaji.

Ruta iko nyumba kubwa. Simba yangu (nyumba ndogo ya kijana bomani) iko kama mita 35 upande wa pili wa boma, kuta na paa ni mabati. Ndani sipati kitu, nikitoka nje napata. – Kijana, Siaya

Umeshajijibu nusu: mabati hurudisha mawimbi yalikotoka, kwa hiyo kifaa cha kuongezea nguvu ukikiweka ndani ya simba kitakuwa kiziwi kama laptopu yako. Kipokezi lazima kikae nje ya ukuta.

Kebo ya mtandao ya Cat6 inafika mita 100 bila tabu, na 35 ni mchezo. Lakini waya wa shaba unaounganisha nyumba mbili ni hatari katika eneo lenye radi kama letu. Radi ikipiga karibu, unaweza kupoteza vifaa vya pande zote mbili. Kwa boma la Siaya ningechagua redio mbili za nje za gigahezi 5, moja chini ya ukingo wa paa la nyumba kubwa, nyingine kwenye simba, zikitazamana. Zifunge mita tatu kwenda juu. Mahindi yakikomaa hupita mita mbili, na majani mabichi yaliyojaa maji hunyonya mawimbi. Kutoka redio ya simba, shusha kebo fupi hadi kwenye ruta ndogo ya ndani. Kebo hiyo ichomeke kwenye tundu la LAN (la vifaa vya ndani) la ruta ndogo, zima DHCP yake (huduma ya kugawa anwani), na uipe anwani tofauti na ya kwanza, kama 192.168.1.2 ikiwa ya nyumba kubwa ni 192.168.1.1.

Kabla ya yote hayo, isogeze ruta ya nyumba kubwa hadi kwenye dirisha linalotazama simba, tumia gigahezi 2.4, na ukae karibu na dirisha lako.

Je, kuweka karatasi ya alumini nyuma ya ruta kunasaidia? – Msomaji, Bungoma

Ndiyo, ruta ikiwa mwisho wa nyumba. Ikunje kama nusu ya mkebe nyuma ya antena, tumbo likitazama ndani. Upande wa nyuma utafifia, kwa hiyo ruta iliyo katikati ya nyumba usiiwekee.