Nitoze kiasi gani kwa pointi?

Mdogo wangu wa Chake, Pemba, umeuliza utoze vipi kwa pointi, yaani kila taa, swichi au soketi unayofunga, maana leseni ya ufundi umeme umeshaipata, na mafundi wa mtaani wanavunja bei. Achana na bei zao kwanza. Anza na siku zako.

Tuseme unataka kubakiwa na shilingi 600,000 kwa mwezi. Nauli, simu, ada ya leseni na uchakavu wa drili vinakula 240,000. Jumla 840,000. Hapa ndipo wengi tunapojidanganya, tunagawa kwa siku 26. Siku za kukagua nyumba, kufuata vifaa dukani na kudai chako hazilipwi na mtu! Gawa kwa 14, utapata 60,000 kwa siku. Ukiweza kufunga pointi 10 kwa siku, ni 6,000 kila moja, na ujira wa msaidizi juu yake.

Lakini pointi hazifanani. Ukija huku Unguja ukapata kazi Mji Mkongwe, kuta ni mawe na chokaa. Unachonga njia ya bomba la kupitishia waya, ukuta unamomonyoka, nusu siku imekwenda. Kazi kama hiyo toza kwa siku.

Vifaa viandike mbali na ufundi, na pesa yake uipokee kabla ya kununua. Mimi niliwahi kumnunulia mtu waya kwa pesa yangu. Nyumba yake inawaka mpaka leo, changu sijakiona.

Na ami yako akikuita? Mpunguzie ufundi, si unene wa waya wala eathi, ule waya wa ardhini unaomkinga mtu asipigwe na umeme.