Mpangaji mzuri, mkataba unaisha: usianze na kodi

Ndugu uliyeuliza, nimekuelewa hivi: una mpangaji pale Naka, Nakuru, asiyekusumbua kwa kodi, mkataba wa mwaka unaisha mwezi ujao, na wenye ploti jirani wanakwambia nyumba kama yako sasa inaenda 20,000 kwa mwezi ilhali wewe unachukua 18,000, nawe unauliza kama umwongezee. Mimi nina nyumba chache za vyumba viwili huku Kiamunyi. Nakujibu kwa ninayoyafanya.

Piga hesabu kwanza. Hiyo 2,000 ni 24,000 kwa mwaka. Kama mapato yako ya nyumba yamefika 288,000 kwa mwaka, KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya, wanachukua asilimia 7.5 ya kodi yote unayopokea kwa wapangaji kabla hujatoa gharama hata moja. Sasa mpangaji akihama na nyumba ikakaa tupu mwezi mmoja tu, 18,000 imeenda. Bado rangi, kitasa, fundi wa mabomba, na ajenti wa kukutafutia mtu. Nyongeza ya mwaka mzima imeliwa kabla mgeni hajashusha kitanda, na tabia zake huzijui.

Kuna mwalimu amepanga kwangu. Mkataba wake ulipokaribia kuisha nilimpigia mapema, pesa sikuzitaja. "Mwalimu, mwakani tuko pamoja?" Akasema tuko, ila sinki ya jikoni inavuja kidogo. Kidogo! Nilipofika na fundi nilikuta beseni chini ya sinki limejaa nusu, na mbao ya kabati imefura mpaka mlango haufungi. Hajawahi kulalamika. Wapangaji wazuri ndivyo walivyo, hawagombani nawe, siku moja unaona tu pikapu imeegeshwa getini. Sinki ikatengenezwa, kabati likabadilishwa mbao, ndipo nikamwambia kuanzia Januari naongeza mia tano. Hatukuvutana.

Kuna wadau humu wanaosema mpangaji mzuri usimwongezee kamwe. Sikubaliani nao. Ukinyamaza miaka minne halafu uongeze elfu tano kwa mkupuo, hata malaika atahama.

Na usiuache mkataba uishe kimya kimya. Kwa Sheria ya Ardhi ya 2012, kifungu cha 60, mkataba ukiisha naye akabaki, nawe ukaendelea kupokea kodi kwa miezi miwili, mnahesabiwa kuwa mmepangishana mwezi kwa mwezi. Hapo anaweza kukupa notisi ya mwezi mmoja akaenda zake, na huyu ndiye unayetaka akae. Karatasi moja inatosha: kodi mpya, tarehe ya kuanza na kuisha, notisi ni ya muda gani, na kwamba dipoziti ya zamani ndiyo inayoendelea. Kumdai mtu unayemjua aongeze dipoziti kwa sababu ya mia tano naona ni uchoyo tu. Tieni sahihi, kila mtu abaki na nakala.

Haya yote ni ya nyumba ya kuishi. Ingekuwa duka au hoteli, na mkataba hauzidi miaka mitano, ungeingia kwenye Sura 301, sheria ya Kenya ya wapangaji wa maduka na hoteli: huongezi kodi kwa kumtumia ujumbe, unatoa notisi ya miezi miwili kwa fomu maalumu, na mpangaji ana haki ya kukupeleka kwenye baraza la kodi za majengo ya biashara.

Wewe umebakiwa na mwezi, kwa hiyo mpigie wiki hii, jioni akiwa ametoka kazini. Ukienda kumwona, nenda na fundi.