Mume ashike pesa, wifi auze, mimi nifume?

*Shangazi, shikamoo. Nafuma kroshia tangu usichana: mablanketi ya watoto wachanga, mikoba, vitambaa vya meza. Watu walipoanza kununua, mume wangu akasema tuifanye biashara ya familia. Yeye ashike pesa, wifi yangu auze, mabinti zetu wanisaidie jioni. Bei ameshapanga: gharama ya uzi mara mbili. Nilifurahi, lakini siku hizi nikishika sindano moyo unakuwa mzito. Je, nimekuwa mvivu?*
*Mama wa Nyuzi*

Marahaba, mwanangu. Mvivu hamalizi blanketi hata moja, kwa hiyo hilo liache. Nimetafuta jina lako katika mgawo huo wa kazi sikuliona. Mumeo kapewa pesa, wifi kapewa wateja, wewe umefanywa mashine. Tena mashine isiyo na mbadala: ufumaji wa sindano mbili ulipata mtambo wake tangu 1589, ila kroshia halisi mpaka leo hutoka mkononi. Oda zikiongezeka, zinakula usingizi wako.

Simsemi mumeo vibaya. Anaona kipaji anataka kisipotee bure. Lakini bei yake inapimwa kwa uzi tu, saa zako haizihesabu. Fuma blanketi moja ukiandika saa zote, pamoja na za kufumua ulipokosea na za kuficha nyuzi mwishoni. Tuseme zimefika 30. Toa gharama ya uzi kwenye bei, kinachobaki kigawe kwa 30. Mwonyeshe mumeo hiyo namba, umuulize kama yeye angekubali kibarua cha malipo hayo. Bado hapo hujatoa nauli, vifungashio wala fungu la wifi.

Bei sahihi itafukuza baadhi ya wateja. Waende. Blanketi liwe la oda maalumu, nusu ya malipo itangulie, ununue uzi wote kwa mara moja wenye namba moja ya bechi, yaani uliotiwa rangi kwa pamoja, maana rangi ile ile ya bechi nyingine huachana kidogo na mteja ataiona. Mikoba midogo ndiyo apewe wifi, kwa kamisheni mliyoiandika. Mali kauli bila daftari, hata kwa ndugu, mimi siipendi kabisa.

Mabinti waulizwe, wasipangiwe. Anayetaka kufuma alipwe kwa kila kipande. Asiyetaka aachwe na masomo yake. Usishangae mmoja akipenda zaidi kupiga picha za bidhaa.

Pesa mumeo azishike akipenda, ila ziwe mbali na za matumizi ya nyumbani, na daftari ulisome wewe kila mwisho wa mwezi. Fungu lako la ufundi litoke kwanza, kabla ya kuitwa faida. Na oda ngapi mpokee kwa mwezi, useme wewe peke yako.

Zungumza naye akiwa ametulia, hesabu ikiwa mkononi. Akikataa hata kuitazama, niandikie tena, maana hapo tutakuwa hatuzungumzii uzi.

Shangazi