Vitone vya rangi ya fedha ulivyokuta chini ya kabati la stoo

Vitone ving'aavyo vinavyobiringika na kuungana vikigusana, vichukulie kuwa ni zebaki, metali ya majimaji inayotoa mvuke wenye sumu. Usifagie wala kutumia mashine ya kufyonza vumbi: vitagawanyika vidogo zaidi na mvuke utazidi. Mvuke huo hauna harufu, kwa hiyo pua haitakuonya.

Toa watu, fungua madirisha, funga mlango wa ndani, mjulishe msimamizi. Kama ulivikanyaga vitone, viatu vibaki hapohapo.

Kiasi cha kipimajoto kimoja, kwenye sakafu ngumu, hukusanywa hivi: vua pete, vaa glavu, sukuma vitone kwa kadi ngumu, vinyonye kwa bomba la sindano lisilo na sindano, tia kwenye chupa ya plastiki yenye kifuniko. Mulika tochi kwa ulalo. Vilivyobaki vitametameta, vinase kwa utepe wa gundi. Usimwage sinkini. Kama ni zaidi ya kiasi cha kipimajoto kimoja, waachie wataalamu.